Je, kuugua virusi huimarisha kinga ya mwili?

“Mwache augue, atakomaa.” Kauli hii haikosekani mtoto anapopata mafua au kutokwa na vipele. Ina ukweli ndani yake, lakini una mipaka, na asiyeijua mipaka hiyo anaweza kumpoteza mtoto.

Ukweli wenyewe ni huu: virusi vikiingia mwilini, chembe nyeupe za damu huvitambua kwa umbo la protini zake. Seli B hutengeneza kingamwili za kuvinasa, na seli T huua seli zilizokwisha kuambukizwa. Ugonjwa ukiisha, nyingi ya chembe hizo hufa, lakini chache hubaki kama seli za kumbukumbu. Virusi vilevile vikirudi, hudhibitiwa mapema. Surua ilipovikumba visiwa vya Faroe mwaka 1846, daktari wa Denmark, Peter Panum, aliona kuwa wazee waliowahi kuiugua mwaka 1781 hawakuipata tena, ingawa ilikuwa imepita miaka 65.

Hata hivyo, kinga si msuli unaotunishwa kwa mazoezi yoyote. Kumbukumbu ya surua haimkingi mtu na polio. Homa ya dengi ina aina nne za virusi, na aliyeugua aina moja anaweza kuzidiwa vibaya akiambukizwa nyingine. Homa ya ini aina ya B nayo haimkomazi mtoto mchanga: takriban 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa au kabla ya kutimiza mwaka hubaki na virusi hivyo kwa muda mrefu, wakiwa katika hatari ya kupata saratani ya ini ukubwani.

Surua hufanya ubaya zaidi, kwa kuwa hushambulia seli za kumbukumbu zenyewe. Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya kulinganisha damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua. Ugonjwa ulikuwa umefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya vimelea vingine. Mtoto anapona vipele, kumbe amepoteza sehemu ya ulinzi dhidi ya magonjwa ambayo mwili wake ulikwisha kuyazoea, yakiwemo ya kifua na ya kuhara.

Chanjo hutoa somo hilohilo bila gharama hiyo. Ile ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa: seli za kumbukumbu hujengeka, na zilizokuwapo hazifutwi. Tanzania na Kenya huitoa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Wazazi wengi hukumbuka dozi ya kwanza na kuisahau ya pili. Fungua kadi ya kliniki leo. Kama nafasi ya miezi 18 iko wazi na umri umefika, mpeleke mtoto akachanjwe.