Uwanja wa Watoto Wadogo (3): Mchanga, Maji na Vifuu

Wiki iliyopita tulizungumzia mwili wa mtoto wa miaka mitatu hadi sita na haja yake ya kukimbia, kupanda na kuning'inia. Leo tuingie uwanjani kwenyewe: tuweke nini?

Shule nyingi za awali huanza kwa kununua. Bembea ya chuma na mtelezo wa rangi husimikwa katikati ya uwanja mkavu, kazi ikahesabiwa imekwisha. Vifaa hivyo vina faida, hasa bembea, maana humzoesha mtoto kuimiliki mizani ya mwili wake. Lakini mtelezo una namna moja tu ya kutumika: panda, teleza, rudi kwenye foleni. Mtoto wa miaka mitano huuzoea upesi, kisha huanza kuupanda kinyume, na mwalimu humgombeza. Mtoto hana kosa. Uwanja umemwishia.

Mbunifu wa bustani wa Denmark, Carl Theodor Sørensen, aliliona hilo mapema. Watoto waliviacha viwanja alivyowabunia, wakaenda kuchezea mabaki kwenye maeneo ya ujenzi. Mwaka 1943, nchi yake ikiwa imekaliwa na Wajerumani, uwanja wa mabaki ulifunguliwa Emdrup, Copenhagen: mbao, matofali na mtu mzima wa kuwaangalia watoto bila kuwapangia mchezo. Mwaka 1971 msanii Mwingereza Simon Nicholson aliijengea hoja fikra hiyo: kadiri uwanja unavyokuwa na vitu vingi vya kuhamisha na kugeuza, ndivyo watoto wanavyozidi kubuni.

Sisi vitu hivyo tunavyo tele. Mtazame mtoto wa miaka minne mwenye kifuu cha nazi, mchanga na kopo la maji. Mchanga mkavu haushikani. Anamimina maji, unakuwa uji. Anaongeza mchanga, anaushindilia kwa kiganja, anapindua kifuu, na andazi linasimama. Hapo amepima, amekosea na kurekebisha mwenyewe. Na vidole vitakavyoshika penseli vimepata nguvu. Akija mwenzake kununua andazi, mazungumzo na hesabu huanza bila mwalimu kusema neno.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza chuma, tengeni kona ya mchanga chini ya mwembe au mkungu. Ifunikeni kwa wavu jioni, paka wasiifanye choo. Wekeni vifuu, makopo yasiyo na ncha kali, vipande vya mbao vilivyopigwa msasa na magogo mafupi. Matairi ni mazuri, ila yatobolewe matundu kwa chini. Tairi lenye maji ya mvua ni mazalia ya mbu wa dengi. Kama bembea ipo, chini yake pawe na mchanga laini wa sentimita 30 hivi, kamwe si saruji. Mtelezo wa chuma uwekwe kivulini, kwani jua la mchana huweza kuunguza ngozi ya mapaja.

Wazazi watalalamikia nguo kuchafuka. Waombeni walete nguo kuukuu za kuchezea, na siku ya kikao wapelekeni uwanjani wakaone watoto wao wakifanya kazi.

Wiki ijayo tutazungumzia uwanja unaomfaa mtoto mwenye ulemavu. Mwalimu mwenye uzoefu wa jambo hili atuandikie mapema.