Mega Mbili Zisizolingana

Mkulima wa viazi wa Kitulo ashukapo Makambako akauziwa laini ya intaneti ya "mega 2", hudhani picha ya mega 2 itafika kwa sekunde moja. Ikichelewa, hulalamika kuwa kaibiwa. Sivyo. Laini hupimwa kwa biti, picha kwa baiti. Na baiti moja ni biti 8.

Kipimo hicho cha laini kilirithiwa kutoka mitambo ya simu. Sauti ilipimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila mara biti 8: jumla 64,000. Njia 32 za namna hiyo, 30 za mazungumzo na 2 za kuongozea mitambo, zikafungwa pamoja kuwa biti 2,048,000. Gawanya kwa 8, unapata baiti 256,000. Basi picha yake huchukua sekunde 8 hivi. Ikipita dakika nzima, hapo adai fedha yake.