Simu ya Ushauri wa Tiba na Kiswahili cha Mgonjwa

Mji wa Kindu umegawanywa na mto. Komini za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto, Alunguli iko ukingo wa kulia, na watu huvuka kwa mtumbwi au kwa kivuko. Mzazi ambaye mtoto wake amepata homa usiku wa manane, hali njia ni ndefu na mitumbwi imekwisha fungwa, hukabiliwa na swali moja: aondoke sasa, au angoje mapambazuko? Swali hilo ndilo lililozaa simu za ushauri wa tiba, yaani zile zisizokusudiwa dharura iliyo dhahiri.

Kazi ya simu hizo ni kuchekecha. Mpokeaji huuliza maswali kwa utaratibu, kisha humwelekeza mpigaji: ajitunze nyumbani, aende kituo cha afya kesho, au aende hospitali mara moja. Nchini Uingereza huduma ya NHS Direct ilianza mwaka 1998, na wauguzi ndio waliowashauri wapigaji. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na namba 111, ambayo simu zake hupokewa kwanza na watu waliofunzwa kufuata maswali ya kompyuta, wauguzi na madaktari wakiwa nyuma yao. Ilipoenezwa mwaka 2013, wananchi wa maeneo kadhaa walilalamika kwamba walingoja mno kabla ya kujibiwa. Nchini Malawi huduma ya Chipatala cha pa Foni, maana yake hospitali ya kwenye simu, ilianza mwaka 2011 katika wilaya ya Balaka, ikaenea nchini na kukabidhiwa Wizara ya Afya. Tanzania nayo iliitangaza sana namba 199, isiyotozwa malipo, wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020.

Kongo haikuwa nyuma. Mwaka 2005 ilifunguliwa Ligne Verte mjini Kinshasa, simu ya bure ya ushauri wa uzazi wa mpango. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba wapigaji walio wengi walikuwa wanaume, ingawa dawa nyingi zilizozungumzwa ni za wanawake. Sababu mojawapo si ngumu kuitambua: katika nyumba nyingi simu imo mfukoni mwa mume. Kwa hiyo maradhi ya mke humfikia muuguzi kwa kinywa cha mtu mwingine, na pengine baada ya kuvuka lugha mbili. Bibi husimulia kwa Kisongola, Kilega au Kikusu; baba hupiga simu kwa Kiswahili; muuguzi huandika kwa Kifaransa.

Hapa ndipo suala la tiba linapogeuka kuwa suala la lugha. Muuguzi wa kwenye simu haoni macho ya mgonjwa, hagusi tumbo lake, wala hana tone la damu la kupima malaria. Ushahidi wake mkubwa ni neno, na neno la Kiswahili halina maana moja toka pwani hadi Maniema.

Mfano wa kwanza ni neno mganga. Pwani, japo maana yake ya asili ni pana, mara nyingi humaanisha mtaalamu wa dawa za kienyeji. Kindu, munganga ni daktari wa hospitali. Tangazo lililotungwa pwani likisema, "Usimpeleke mtoto kwa mganga," laweza kumfanya mzazi wa Kindu amwepuke yule yule anayepaswa kumwendea.

Mfano wa pili ni majina ya viungo. Tumbo hutaja mahali pa chakula na pia mahali pa mimba. Kwa hiyo mwanamke asemaye tumbo lamuuma hajaeleza bado kama maumivu yako juu ya kitovu au chini yake. Moyo nao waweza kuwa kifuani au kwenye chembe cha moyo, juu ya tumbo.

Mfano wa tatu ni saa. Katika mji ambao shule na ofisi huhesabu saa za Kifaransa, agizo la kumpa mtoto dawa "saa nane" laweza kueleweka kuwa mchana au asubuhi. Neno moja zaidi, "saa nane mchana", lingeondoa utata huo.

Kutokana na hayo, yafaa ieleweke kwamba huduma itakayowahudumia watu wa Kindu haiwezi kuchukua maswali ya Dar es Salaam au Kinshasa na kuyatafsiri tu. Maswali yapaswa kutungwa pamoja na wauguzi na akina mama wa hapa, kisha yajaribiwe. Muuguzi aulize kwa tendo zaidi kuliko kwa jina la ugonjwa: Je, mtoto aweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Ameshikwa na mtukutiko? Amelegea, haamki? Jibu moja tu la hatari latosha kuamuru safari bila kungoja kuche. Tena, ikiwezekana, simu apewe yule anayemwuguza mgonjwa, kisha arudie kwa maneno yake mwenyewe maagizo aliyopewa. Akiyarudia vibaya, kosa litajulikana kabla simu haijakatwa.

Wanafunzi wa isimu huambiwa mara kwa mara kwamba kuorodhesha msamiati wa Kingwana ni kazi ya makumbusho. Sivyo. Orodha ya maneno ambayo watu wa Alunguli hutumia kutaja maumivu, ikikusanywa kwa uangalifu na kukabidhiwa wauguzi, ni sehemu ya tiba. Daktari hutibu alichoelewa. Akielewa visivyo, atatibu ugonjwa ambao mgonjwa hana.