Kompyuta Mpya Inaongea na Nani? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza namna ya kukagua kompyuta kabla ya kuilipia. Leo tumfuate mnunuzi hadi nyumbani. Amenunua kipakatalishi Luthuli Avenue, amekifikisha Kangemi au Lavington na kukiunganisha na intaneti. Kabla hajafungua hata barua pepe, mashine imeshaanza kutuma data. Mwenye bando ndogo huligundua jambo hili mapema, kwani megabaiti zinakwisha naye hajafanya lolote.

Sehemu kubwa ya mawasiliano hayo ina sababu njema. Kompyuta huuliza saa sahihi, hutafuta masasisho ya usalama na kuhakiki leseni. Lakini Windows hutuma pia taarifa kuhusu mashine yenyewe na programu zilizokwama. Mwaka 2017, mamlaka ya kulinda data ya Uholanzi iliamua kwamba Microsoft haikuwa ikiwaeleza wazi watumiaji wa Windows 10 ni data gani inachukuliwa na kwa nini. Siku hizi taarifa za hiari unaweza kuzizima kwenye mipangilio. Za lazima huendelea kutumwa.

Kuna pia programu zinazowekwa na mtengenezaji. Februari 2015 ilifichuka kwamba baadhi ya kompyuta za Lenovo ziliuzwa zikiwa na Superfish, programu ya matangazo iliyoweza kupenya hata mawasiliano yaliyosimbwa, yakiwemo ya benki.

Utajuaje lililo jema na lililo baya? Fungua Resource Monitor iliyomo ndani ya Windows, sehemu ya Network. Utaona programu inayotuma wakati huo, anwani inakopeleka na kiasi cha baiti kwa sekunde. Yaliyomo hutayaona, kwa kuwa karibu yote husimbwa. Ni bahasha iliyofungwa, unasoma anwani tu. Hata hivyo anwani, saa na kiasi husema mengi. Januari 2018, gazeti la Le Monde la Ufaransa liliripoti kwamba data za makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, jengo lililotolewa na China, zilikuwa zikinakiliwa hadi seva za Shanghai. Kilichowashtua mafundi ni kwamba mtandao ulikuwa ukifanya kazi sana kati ya saa sita na saa nane usiku, wakati ofisi hazina watu. China ilikanusha.

Kwetu Kenya, Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa data yako inatumiwaje. Inamhusu hata aliye nje ya nchi akishughulikia data ya mtu aliye Kenya. Afisi ya Kamishna wa Data ina meno: Septemba 2023, chini ya Kamishna Immaculate Kassait, iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Tofauti ni kwamba picha zile kila mtu aliziona. Data inayotoka kwenye kompyuta yako haina shahidi mwingine ila wewe. Kwa hiyo funga programu nyingine zote, iache mashine ikiwaka, na kwa kuwa Resource Monitor haiweki kumbukumbu, itazame mara kwa mara ukinakili programu, anwani, saa na kiasi. Mpelekee mtengenezaji orodha hiyo na umtake maelezo.

Juma lijalo: namna ya kuandika barua hiyo, na hatua za kufuata asipojibu.