Fahamu: Ukikataa chanjo ya UVIKO-19, mwajiri anaweza kukufukuza?
Kwa kijana wa Ushetu anayefanya kazi migodini Bulyanhulu au Geita, hoja ya mwajiri kutaka wafanyakazi wote wachanjwe ina uzito: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka alinde afya zao. Lakini kulinda si kulazimisha. Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua chanjo ya UVIKO-19 Julai 28, 2021, serikali ilisema ni hiari. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37, inamtaka mwajiri athibitishe sababu halali na utaratibu wa haki. Kukataa jambo la hiari ni sababu dhaifu mno.

Watasema hiari ya mmoja isihatarishe wengine. Sawa, ila kabla ya barua ya kuachishwa kuna barakoa, vipimo, hata kuhamishiwa kitengo kingine. Kenya nako, amri ya kuwanyima wasiochanjwa huduma za serikali ilisimamishwa na Mahakama Kuu Desemba 2021. Angalizo: aliye chini ya miezi 6 kazini halindwi na kifungu hicho cha 37. Wengine, mkiachishwa, pelekeni mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30.