Kabla hujanunua lenzi ndefu ya kuvuta, pima chumba chako kwanza

Wiki hii swali moja nimeulizwa na watu watatu, wote wauza nguo mtandaoni: "Nina kamera yangu, ile lenzi fupi iliyokuja nayo nimeichoka, ninunue ile ndefu ya kuvuta?" Wanaona kwenye kurasa kubwa dada kasimama, gauni limekaa vizuri, nyuma kumefifia. Ni kweli picha nyingi za namna ile zinapigwa na zumu ndefu. Ila niseme ukweli, mimi hiyo lenzi ilishanila hela ya mzigo.

Ilikuwa hivi. Nina hela mkononi ya kwenda Kariakoo kufunga mzigo wa sikukuu, nikakutana na zumu iliyotumika, inafika 300. Muuzaji akapiga picha ya bango la ng'ambo ya barabara, mpaka namba za simu zinasomeka. Nikachanganyikiwa, nikalipa. Narudi dukani Mbezi Luis, chumba changu futi 10 kwa 10, mdogo wangu kavaa gauni, narudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta, gauni bado linakatika kiunoni. Tukatoka nje jioni, kila picha imetikisika. Sikukuu ikapita nina lenzi, mzigo sina. Nikaja kuiuza kwa hasara ya elfu themanini.

Lenzi haikuwa mbovu. Mimi ndiye sikujua zile namba zina maana gani.

Namba kama 18-55 au 55-250 ni milimita. Ikiwa ndogo, unaona eneo pana. Ikiwa kubwa, unavuta, unaona eneo dogo. Sasa kamera zetu nyingi za bei ya kawaida, kama Canon 600D au 1300D, zina sensa ndogo, kwa hiyo zinavuta zaidi ya namba iliyoandikwa, kama mara 1.6. Kwa kamera hizo, ukiishika wima na unataka mtu mzima aonekane kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, kwa milimita 55 unahitaji kurudi kama mita 5. Kwa 75 ni karibu mita 7. Chumba cha futi 10 ni mita 3 tu, na hapo hujatoa meza na rundo la viroba. Chukua futi kamba, pima. Kama huna hata mita 5 za ndani wala uwazi nje, lenzi ndefu kwako ni pambo. Ile 18-55 uliyoichoka, ukiiweka kwenye 35, mtu mzima anaingia ndani ya mita 3 hizo hizo kwa kubana.

Ukiwa na uwanja, hapo tunaongea. Ukisimama mbali ukavuta, uso na mwili wa aliyevaa havipindi kama unapompiga kwa karibu, na nyuma kunafifia. Mimi siku hizi nawapigia nje asubuhi, ukuta uko mbali nyuma yao, nakaa kati ya 85 na 135. Kwenye 250 sifiki karibu kabisa. Nani anapiga gauni kutoka ng'ambo ya barabara?

Kitu kinachoumiza wengi ni mtikisiko. Lenzi ikivuta sana, mkono ukitetemeka kidogo tu picha nzima inaharibika. Bila kifaa cha kutuliza mtikisiko, kwenye 300 inabidi shata iwe kama sekunde 1/500, na jioni mwanga huo huna, kwa sababu hizi zumu za bei ndogo zinapitisha mwanga kidogo zikivutwa mwisho. Kwa Canon tafuta herufi IS, kwa Nikon tafuta VR. Ila kifaa hicho kinatuliza mkono wako tu. Gauni likipeperushwa na upepo hakilizuii.

Kwa mwenye Canon, 75-300 ndiyo inapatikana kwa urahisi na bei yake inavutia, lakini 75-300 III haina IS, na kitu lazima kiwe mita 1.5 kutoka kwako ndipo ishike. Chaguo langu ni 55-250 IS STM. Ni nyepesi, inatulia, na inashika kitu kuanzia sentimita 85, kwa hiyo hata hereni na saa unapiga. Angalia alama pale inapofungwa: EF-S ina mraba mweupe, EF ina nukta nyekundu. Kamera yenye alama zote mbili inapokea zote. Yenye nyekundu peke yake, mfano 6D, haifungi EF-S, usilazimishe.

Nikon ndiyo yenye mtego. Kamera za D3000 mpaka D3500, na D5000 mpaka D5600, hazina mota ya fokasi ndani. Ukinunua lenzi iliyoandikwa AF au AF-D tu, utazungusha fokasi kwa mkono maisha yako yote. Chukua AF-S. Zipo pia AF-P, nzuri na kimya, lakini hazifanyi kazi kwenye D3200, D5100 wala D7000. Na 70-300 AF-P ya DX zipo mbili, yenye VR na isiyo nayo, zinafanana, soma maandishi yote.

Ukienda kuona iliyotumika, nenda na kamera YAKO, mchana. Usikubali kujaribu kwa kamera ya muuzaji. Washa tochi ya simu, mulika upande mmoja uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, acha. Vumbi kidogo lisikutishe. Zungusha zumu mwanzo mpaka mwisho, isikwame. Piga kwenye namba ndogo na kubwa, fokasi ishike zenyewe, kisha kuza picha kwenye kioo uone herufi za kitu cha mbali.

Na hili joto na unyevu wetu wa Dar, fangasi inaweza kukufuata nyumbani. Vile vipakti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usitupe. Weka kadhaa kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, lenzi ndani. Wengine wanaweka mchele, mimi sishauri, una vumbi. Vipakti vikikaa muda mrefu badilisha, maana vikishashiba unyevu havifyonzi tena.