Kabla ya Kukata Viwanja, Pimeni Njia

Ndugu msomaji, ukisafiri kutoka Sirari mpakani kwenda mjini Tarime, utaona jinsi maduka yanavyoongezeka kando ya lami. Palipokuwa shamba la mihogo sasa pana duka la mabati na saruji, mashine ya kusaga, kibanda cha fundi pikipiki na hoteli ya chai. Ni vivyo hivyo Nyamwaga na Nyamongo. Ukivuka hadi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, utayaona yale yale. Watu wanatafuta mahali pa kufanyia biashara, na mwenye shamba kando ya barabara huulizwa kila mara, "Mzee, utanikatia lini?"

Kukata si vibaya. Shamba dogo haliwezi kuwalisha watoto wote, na duka moja lililo mahali pazuri laweza kusomesha mtoto. Lakini kabla hujamwonyesha mtu mpaka, nina neno moja la kukuambia, nalo ni hili: anza na njia. Njia ikiwapo, maji yatapita, umeme utapita, mfereji utapita, hata gari la kuzoa taka litapita. Njia isipokuwapo, vyote hivyo vitakuwa ugomvi.

Wengi wetu hufanya kinyume. Tunakata kwanza kiwanja cha mbele, maana mnunuzi ana fedha mkononi na ada ya shule inadaiwa. Kisha cha pili, kisha cha tatu. Mwishowe yule wa nyuma, ambaye aghalabu ni kitinda mimba wa mwenye shamba, anabaki amefungiwa kama ndama zizini. Anapita kwa hisani ya jirani. Siku jirani anapojenga ukuta, hisani imekwisha. Nasi wa Tarime na Serengeti hatuhitaji kufundishwa ugomvi wa ardhi unavyoishia. Mapanga yametolewa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Mzee mwenye ekari moja

Tuchukue mfano. Tuseme mzee mmoja ana shamba kando ya barabara kuu. Upande wa barabara ni mita 60, na kwenda nyuma ni mita 70. Zidisha, utapata mita za mraba 4,200, yaani ekari moja na kidogo. Ana wana wanne na binti wawili. Anasema, "Nitakata viwanja sita vya maduka, kila mtoto kimoja, nami nife kwa amani." Wazo jema. Sasa tumsaidie kupima.

Jambo la kwanza ni kujua barabara inaishia wapi. Mzee anadhani inaishia kwenye mtaro. Hasha! Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na barabara za mkoa ni mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22 na nusu. Tuseme mtaro uko mita 6 kutoka katikati. Basi mita 24 za shamba lile zimo ndani ya hifadhi. Ukizitoa katika 70, zinabaki 46. Kiasi cha kugawa si mita za mraba 4,200 tena, bali 2,760.

Mzee atashtuka, lakini heri ashtuke leo akiwa na kamba mkononi kuliko kesho akiwa na nyumba ya matofali yenye alama ya X nyekundu. Kwa barabara kuu na za mkoa, waulize TANROADS. Kwa barabara za wilaya na za vijijini, waulize TARURA, waliopewa kazi hiyo mwaka 2017. Kuuliza si ujinga.

Njia moja kwa wote

Jambo la pili ni kugawa. Mzee anafikiri kukata vipande sita virefu kama mistari ya matuta, kila kimoja mita 10 upande wa barabara. Kwa macho ni haki. Lakini tazama: kutakuwa na milango sita ya kuingilia barabara kuu, magari yakikata kona mara sita, na watoto wa shule wanapita hapo hapo. Tena kila mmoja atajenga duka mbele akiziba upana wake wote, na nyuma yake ardhi itakaa bure, maana hata mkokoteni hautafika.

Afadhali afanye hivi. Apime njia moja katikati, upana mita 8, kutoka barabarani kwenda nyuma mita 36. Kwa nini mita 8? Lori lina upana wa mita mbili na nusu hivi. Mawili yapishane, kisha pabaki nafasi ya mtaro upande mmoja na nguzo za umeme upande mwingine. Kila upande wa njia hubaki mita 26. Hapo akate viwanja vitatu kushoto na vitatu kulia, kila kimoja mita 26 kwa mita 12. Hivyo ni viwanja sita vilivyo sawa, kila kimoja mita za mraba 312, na vyote vina mlango njiani.

Nyuma kabisa zitabaki mita 10 kwa upana wote wa mita 60. Hapo ni pa wote: mahali pa lori kugeuza, choo, na shimo la taka. Jumlisha sasa: viwanja 1,872, njia 288, mahali pa wote 600. Jumla ni 2,760, hakuna kilichopotea.

Najua mtu atanong'ona, "Mwandishi huyu ametupotezea theluthi ya shamba!" Ni kweli, njia na mahali pa wote vimechukua karibu theluthi. Lakini niulize: duka ambalo lori la soda halifiki, mteja hana choo, na mvua inaingia mlangoni, utalikodisha kwa nani? Theluthi ile haikupotea. Ndiyo inayovipa viwanja vile sita thamani yake.

Usisahau pia mifugo. Kwetu ng'ombe huenda mnadani na mtoni kwa njia zao za tangu zamani. Ukiifunga njia hiyo kwa maduka, ng'ombe hawatasoma kibao chako. Iulize Halmashauri ya Kijiji njia ya mifugo inapita wapi, uiache.

Maji, choo na umeme

Kabla ya kumwaga kifusi cha changarawe njiani, chimbeni kwanza mfereji wa bomba. Wengi humwaga kifusi, kisha mwezi unaofuata wanakuja mafundi wa maji kuichimbua njia yote. Bomba kubwa moja lipite ukingoni mwa njia, na kila duka litoe mkono wake wenye mita yake. Msitegemee mita moja kwa watu sita, maana ankara ikija kila mmoja atasema ametumia ndoo mbili tu. Vijijini, mambo haya mtayapeleka RUWASA na kwa chombo cha watumia maji cha kijiji chenu. Mjini, mtakwenda mamlaka ya maji ya mji.

Maji ya mvua nayo yana hesabu yake. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Maduka sita, kila moja na paa la mita za mraba 100, yakinyeshewa milimita 30 alasiri moja, yatateremsha lita 18,000. Zitakwenda wapi? Pasipo mtaro, zitakwenda dukani kwa yule wa chini. Basi wekeni matangi myakinge, na yanayozidi yapite kwenye mtaro mmoja ulio kando ya njia. Na pale njia inapoingia barabarani, wekeni kalavati, lakini kwa kibali cha wenye barabara. Msizibe mtaro wao kwa mawe.

Choo kiwe upande wa chini, kisima upande wa juu, na kati yao pasipungue mita 30. Kama ardhi yenu inateremkia barabarani, mpango nilioueleza hapo juu hapana budi ugeuzwe. Kama inateremkia mto, iwe Mara au Tigithe au kijito kisicho na jina kubwa, kumbukeni kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Maji yale wanayanywa wengine huko chini, nao ni jirani zetu.

Umeme uombwe kwa pamoja. Fundi wa TANESCO akikuta njia iliyonyooka, atasimamisha nguzo ukingoni na kila duka litapata waya wake na mita yake ya LUKU. Asipokuta njia, waya utapita juu ya mabati ya watu. Na kuvuta umeme kutoka duka la jirani kwa waya mwembamba uliofungwa kwa nailoni ni kualika moto. Moto ukishika duka moja kati ya sita, hauulizi mwenye kosa ni nani.

Nani apate viwanja vya mbele?

Hapa ndipo penye jaribu. Viwanja viwili vya mbele vinaonekana kutoka barabarani, kwa hiyo vitapata wateja zaidi. Mzee akiwapa watoto awapendao kwa siri, amepanda magugu. Na afanye waziwazi, mbele ya mama na watoto wote: ama wapige kura, ama wanaopata mbele wachange zaidi katika kifusi na bomba. Kama anauza, viwanja vya mbele viwe na bei kubwa zaidi.

Na wale binti wawili? Wapo watakaosema, "Binti ataolewa, ardhi ya nini?" Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikubali mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke. Na sisi Wakristo twajua hilo hata kabla ya sheria kuandikwa. Binti yule ndiye mara nyingi anayemuuguza mzee usiku.

Andikeni

Mali bila daftari huisha bila habari. Neno la mdomo lililosemwa chini ya mti hufa pamoja na wazee waliolisikia. Mkiwa katika ardhi ya kijiji, nendeni kwa mwenyekiti na ofisa mtendaji, jambo lifike Halmashauri ya Kijiji na liandikwe katika muhtasari. Mkiwa mjini, Tarime au Mugumu, msikate chochote kabla ya ofisa mipango miji kuona mchoro na mpima kuweka mawe ya mipaka.

Katika karatasi yoyote ya kuuza au kurithisha, njia itajwe kwa upana na urefu wake, na iandikwe kwamba ni ya wote, haiuzwi wala haizibwi. Mahali pa choo na bomba patajwe vilevile. Kila mmoja awe na nakala yake. Ugomvi ukizuka, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, na watatu kati yao hapana budi wawe wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Litapatanisha upesi likiona karatasi kuliko likisikia viapo.

Kisha chagueni mtunza fedha. Kila duka litoe kitu kidogo kila mwezi kwa kusafisha choo, kuzibua mtaro na kujaza mashimo. Na ikatazwe kabisa kuweka njiani rundo la mchanga, benchi la hoteli, au pikipiki zilizolala. Njia huzibwa kidogo kidogo. Leo ni kigoda, kesho ni kibanda, na mwaka kesho ni ukuta.

Visima vya Isaka

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, tunasoma habari za Isaka huko bonde la Gerari. Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa mahali pale wakagombana nao juu ya maji. Wakachimba cha pili, wakagombana tena. Isaka akasogea mbele, akachimba cha tatu, na hicho hakikugombaniwa. Akakiita Rehoboti, maana Mungu alikuwa amewapa nafasi.

Isaka alikuwa na bonde zima la kusogea. Sisi tuna ekari moja, na mbele yetu ni lami, nyuma yetu ni shamba la jirani. Hatuna mahali pa kuchimba kisima cha tatu. Yatupasa kuweka nafasi mapema, sisi wenyewe, kwa kamba na vigingi.

Basi, baba msomaji, Dominika hii baada ya Misa waite watoto. Mkate shambani mambo ya kupigia mpaka: kamba, vigingi, na daftari la mtoto wa shule. Mama awepo. Mwite na jirani mnayepakana naye aone. Pimeni kwanza mita 30 kutoka katikati ya barabara. Kisha pimeni njia. Vile vitakavyobaki ndivyo viwanja vyenu. Siku utakapolala kaburini, watoto wako watapita njia moja kwenda madukani mwao, nao watasalimiana.